Alama Tuliyoiweka Kabonga

Nyinyi vijana mnaokaa mbele ya kompyuta mkiyaburura maandishi juu na chini kwa kidole, mkitafuta mahali mlipoachia kazi, mnanitia hasira. Nasema wazi. Nimestaafu, na sasa nahitaji miwani hata kuchambua ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, lakini nikikuona unaburura kurasa namna hiyo natamani nikuondoe kitini nikuonyeshe. Kazi ya kuwaandikia watu maandishi yao niliifanya Rumonge, Burundi, mpaka ncha za vidole zikaota sugu. Mkiacha mengine yote niliyojifunza, chukueni moja tu, nalo ni alama.

Sekretaria yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Sekretaria, kwa asiyejua, ni pale mtu anapokuja na maneno yake kichwani au kwenye karatasi, akaondoka nayo yamepigwa chapa. Walikuja walimu, wafanyabiashara, watu wa kanisa na watu wa msikiti, akina mama wa vyama vya kutengeneza sabuni. Walikuja wauza mawese kutoka Minago, wameshuka tu kwenye baiskeli, mikono bado ina mafuta, na kila mmoja alitaka kukuonyesha kwa kidole, juu ya kioo chenyewe, neno analotaka libadilishwe. Mwenye chumba alikuwa Papa Bonifasi, mtu wa asili ya Kongo aliyezaliwa hapahapa Rumonge, tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Mashine zake zilikuwa kuukuu na zilikataa programu nzito. Kwa hiyo tuliandikia kwenye programu moja nyepesi sana, kioo cheusi chenye herufi tupu, hakuna picha wala rangi. Wateja walipokiona walidhani kompyuta imeharibika. Lakini programu ile ilikuwa na alama, na alama zenyewe zilikuwa hivi. Unapeleka kishale kwenye mstari unaoutaka. Unabonyeza m, halafu herufi yoyote, tuseme a. Basi, umemaliza. Hakuna kinachoonekana, lakini mstari ule sasa una jina. Nenda zako, andika huko mbele, futa huko nyuma, ukiwa tayari kurudi unabonyeza ritifaa, kile kialama cha kwenye neno ng'ombe, ile iliyo kwenye kitufe cha tarakimu nne kwenye kibodi zetu za Kifaransa, halafu a. Unajikuta umesimama kwenye mstari uleule.

Ila kwanza ubonyeze Esc, ili mashine ijue kwamba unaiamuru, huiandikii. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilisahau Esc mara nyingi, na maandishi ya watu yakajaa ma, mb, mc kila mahali. Katekista mmoja aliniuliza kwa upole kama hiyo ni lugha ya Kigiriki.

Kabla ya kuzijua alama, Papa Bonifasi alikuwa anatumia namba za mistari. Aliziandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Alinisimulia mwenyewe, huku akicheka mpaka kiti kinalia, jinsi alivyoandaa kijitabu cha harusi moja kubwa. Aliandika kiganjani namba ya mstari ambapo shukrani kwa mashangazi zingeingia. Kisha familia ikaleta nyimbo zaidi, akaziongeza mwanzoni mwa kijitabu, na kila kitu kikasukumwa chini. Yeye akaenda kwenye namba yake ileile, akaweka mashangazi, akachapa. Siku ya harusi msomaji akafika kwenye sala ya kuwaombea marehemu wa ukoo, akasoma majina ya mashangazi mmoja baada ya mwingine, nao wamekaa mstari wa mbele wamevaa imvutano zao za sherehe.

"Namba ya mustari ni muongo," aliniambia akifuta machozi. "Leo iko hapa, kesho iko kwa jirani. Alama njo inajua mutu yake. Ukiongeza maneno juu yake, inashuka pamoja na mustari yake. Ukipunguza, inapanda pamoja naye."

Ndiyo siri yake yote, kama ni siri. Namba inahesabu kutoka mwanzo, kwa hiyo ukigusa huko mwanzo inakudanganya. Alama haihesabu chochote. Imeushika mstari na inakwenda nao.

Sasa sikilizeni masharti yake, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sharti la kwanza: alama inakufa pamoja na mstari wake. Ukiufuta mstari, alama nayo imekwenda, na ukiiita mashine itakujibu kwamba haipo. Nilikuwa na tabia ya kuweka alama kwenye mistari mitupu, ile nafasi kati ya sura na sura, kwa sababu nilipaona pasafi. Papa Bonifasi akanikuta. "Sasa weye, unaweka alama kwa mustari haina kitu, unafikiri itashika nini? Mutu akipita na fagio, kwisha! Shikisha alama kwa neno."

Na mwenye fagio alikuwepo. Mwenzangu Ezekieli, mtu wa Kigwena, alikuwa na ugonjwa wa usafi. Alipiga pasi hata soksi. Alifuta kibodi kila mteja wa mawese alipotoka, na alikuwa hawezi kuona mstari mtupu kwenye maandishi bila kuufuta. Alijua hata amri moja ya kufuta mistari mitupu yote kwa mpigo, na aliipenda amri ile kama wengine wanavyopenda samaki mukeke wa kukaanga. Nilimpenda Ezekieli, lakini alinichosha.

Sharti la pili: alama hazikai ndani ya maandishi, zinakaa kwenye mashine. Programu ile huziandika pembeni pale unapotoka kwa adabu, yaani kwa kuifunga vizuri. Umeme ukikatika ghafla, na umeme wetu mnaujua, maandishi yenyewe mara nyingi tuliyaokoa, lakini alama ulizoweka tangu asubuhi ndiyo basi tena. Papa Bonifasi alikuwa akisikia tu taa inacheza anapiga kelele: "Kura inaenda! Tokeni kwa adabu!" Kura ni umeme, kwa Kifaransa chake. Na sisi vidole mbio. Vilevile ukiyabeba maandishi kwenye fulashi kwenda mashine nyingine, Bujumbura kwa mfano, alama zinabaki Rumonge. Kazi ikisafiri, andika kitu cha kuonekana ndani ya maandishi, nyota kadhaa zikifuatana, na ukifika utafute nyota zako.

Haya yote nilikuwa nayajua siku Mwalimu Eulalia alipoingia. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nayajua.

Alikuja asubuhi ya siku ya soko, mama mrefu, shingo ameizungushia kitenge. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi sana katika kambi za wakimbizi Tanzania, kisha akarudi Kigwena kwenye michikichi ya baba yake. Alikaa, akafungua kitenge kidogo nikaona uvimbe.

"Madaktari wa Bujumbura wanataka kupasua," alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza lakini kila neno lilisikika, sauti ya mtu aliyezoea darasa. "Wameniambia ukweli. Naweza kutoka pale sina sauti. Sasa hivi ninayo. Nataka kitabu."

Nikamwuliza kitabu cha nini.

"Cha binti yangu, Klodeta. Yuko Kigoma, ameolewa kule. Tulipokimbia nilimbeba mgongoni, hakumbuki kitu. Amekua akisikia maneno ya watu kwamba baba yake alitutupa njiani. Mimi nikianza kumweleza, ananiambia mama acha, yamepita. Basi simwelezi tena. Nitaandika, na atasoma."

"Tutakimaliza, Mwalimu," nikasema. Nilisema kabla sijafikiri, na baada ya kufikiri niliona sina njia ya kurudi nyuma, kwa hiyo nikaamua kwamba kitaisha hata nikose chakula cha mchana. Na mara nyingi nilikikosa.

Kumwandikia Mwalimu Eulalia kulikuwa kazi ya wanariadha. Alikuwa hafuati mstari mmoja. Tuko kambini, anaeleza jinsi alivyowafundisha watoto kuandika kwa vijiti kwenye vumbi, mara anakumbuka shinikizo la kukamulia mawese la baba yake na harufu yake. Mwandishi mwingine angemwambia ngoja, hiyo baadaye. Mimi sikumwambia ngoja hata mara moja, kwa sababu mtu mwenye sauti inayokwisha humwambii ngoja. Nilikuwa na alama u ya utoto, n ya ndoa, s ya shule ya kambini. Akiruka, naruka naye. Naenda kwenye u, naandika harufu ya mawese, kisha nabonyeza ritifaa mara mbili.

Hilo sijawaambia. Programu ile hujiwekea yenyewe alama ya mahali uliporuka kutoka, bila kuombwa. Ritifaa mara mbili hukurudisha pale. Mwalimu alikuwa ameliona likitokea kwenye kioo, akavutiwa.

"Mara mbili tu, na umerudi ulikotoka?"

"Mara mbili tu, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa uchungu. "Sisi ilituchukua maisha mazima."

Tulikuwa tumefika mbali, maandishi yamenenepa kila upande, siku aliyoanza kueleza safari ya kukimbia. Walitembea kando ya ziwa kuelekea kusini, yeye, mtoto, na mume wake Tadeyo. Alisema nami nikaandika, kila sentensi kwenye mstari wake, maana ndivyo Papa Bonifasi alivyotulazimisha. Akafika hapa: *Tulipofika Kabonga, karibu na mpaka, Tadeyo alisimama. Alisema hawezi kuvuka bila mama yake, atarudi kumchukua. Kisha akanishika mkono, akaniambia*

Akanyamaza. Nikageuka, nikamwona amebana midomo.

"Weka alama hapo," akasema.

"Mwalimu, ni neno moja tu limebaki. Malizia, tuvuke."

"Nikilisema nitalia. Nikilia koo hili litavimba, na sauti itaniishia leo. Na shule bado, na kurudi nyumbani bado. Sitaki kulia kabla kazi haijaisha. Weka alama, tutarudi."

Nikabonyeza Esc, m, t. T ya Tadeyo. Niliacha mstari mtupu chini yake kwa ajili ya maneno yatakayokuja, lakini alama yenyewe niliishikisha kwenye mstari wenye neno "akaniambia". Kisha nikatoka kwenye programu kwa adabu, nikairudia, nikaijaribu. Ilikuwepo. Tukaendelea: *Nikavuka na mtoto mgongoni. Tadeyo sikumwona tena.* Mstari huo wa mwisho aliutamka kwa jicho kavu kabisa, na mimi ndiye niliyelazimika kupangusa macho.

Tulimaliza shule. Tulimaliza kurudi. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona kanisani, na kila nilipomkumbusha kuhusu Kabonga alisema, "Mwisho. Hilo ni la mwisho." Tulipanga Alhamisi. Jumatano nafasi ikapatikana hospitalini na akaitwa haraka. Alipita na taksi, hakushuka, akanichungulia dirishani.

"Alama ipo?"

"Ipo, Mwalimu."

"Nikiwa sina sauti, utanipeleka pale?"

"Nitakupeleka."

Hiyo ndiyo ahadi niliyokuwa nayo mkononi. Mtu anaweza kuniambia, si ungepatafuta tu mahali penyewe? Labda ningepapata. Lakini nilikuwa nimeahidi kumpeleka, siyo kupekua mbele yake kama mtu aliyepoteza funguo.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka msibani, nikafungua kitabu ili nisahihishe, nikaona kimekonda. Hakuna nafasi popote. Sura zimegandana. Nikamtazama Ezekieli, naye akatabasamu kama mtu anayesubiri shukrani.

"Oya, usinitazame hivyo, Mama Asha. Mi nimekusaidia. Iko mistari mingi ilikuwa haina kitu. Dezordre tu, fujo. Nimesafisha na nimeandikisha, imehifadhiwa."

Nikabonyeza ritifaa, s. Mashine ikajibu kwamba alama haipo. Alama ile niliiweka kwa haraka, kwenye nafasi kati ya sura mbili, nikimkimbilia Mwalimu, adabu nikaisahau. Nikajaribu n. Haipo. Mstari wangu mtupu wa Kabonga ulikuwa umefutwa kama mingine yote, na "akaniambia" sasa lilikuwa limegusana na "Nikavuka" bila pengo lolote. Mtu yeyote angedhani ni kosa langu la chapa na kufuta neno "akaniambia" lisimsumbue.

Ikabaki ile ya Kabonga. Ritifaa, t.

Kioo kikaruka. *Kisha akanishika mkono, akaniambia.*

Nilipiga meza kwa kiganja, Ezekieli akadondosha kitambaa chake. "Imeshika!" nilipiga kelele. "Imeshika kwenye neno!" Papa Bonifasi akatoka nyuma kuuliza kuna vita gani. Nilipomweleza alimgeukia Ezekieli, akamwambia kwa upole wa kutisha, "Mutoto wa Kigwena, hii kitabu, usiiguse tena hata na unyoya." Ezekieli akasema ego, yaani ndiyo, na kwa kweli aliona aibu, kwa sababu naye alimpenda Mwalimu, alikuwa amefundishwa na mwanafunzi wake.

Mwalimu Eulalia alirudi na bandeji shingoni. Alipofungua mdomo kunisalimia ilitoka pumzi tu. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye urefu uleule na mabega yaleyale.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Mimi ni Klodeta. Nimekuja kumwuguza. Mama hawezi kuongea, lakini amekataa kabisa tupite kwenda Kigwena kabla ya kufika hapa. Sijui kuna nini."

"Karibu," nikasema. "Amahoro. Kuna kazi haijaisha."

Niliondoka kwenye kiti changu. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kumpa mteja kiti kile. Nikamkalisha Mwalimu, nikafungua kitabu, nikakishika kidole chake cha shahada nikakiweka kwenye ritifaa, kisha kwenye t. Alibonyeza mwenyewe. Mwanzo wa kitabu ukatoweka, na hapo mbele yetu ukawepo ule mstari. Nikamfungulia mstari mpya chini yake, nikarudi nyuma nikasimama na Klodeta.

Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Klodeta alikuwa anasoma kwa sauti, nadhani bila kujua kwamba anasoma kwa sauti, kama watoto wanavyofanya.

"Ta... tangu... Tangulia." Akangoja. "Na... ku... Nakuja."

Soko lilikuwa linapiga kelele nje, lakini mle ndani hata Ezekieli alikuwa ameacha kufuta.

"Baba ndiye aliyesema hivyo?" Klodeta akauliza. "Tangulia, nakuja?"

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta, na kidole hakikusimama. Akaendelea kuandika, na Klodeta akaendelea kusoma.

"Aka... vua... shati. Akavua shati... akam... funika..." Herufi inayofuata ilikuwa K kubwa, na hapo sauti ya Klodeta ikakatika. Jina lake likaandikwa lote, herufi kwa herufi, na hakuna aliyelisoma.

Kisha Klodeta akainama mpaka shavu lake likagusa shavu la mama yake.

"Lilikuwa rangi gani, mama?"

Mwalimu akatafuta b kwenye kibodi. *Buluu*, akaandika.

Kazi ikiisha alama zinafutwa, ndivyo Papa Bonifasi alivyotufundisha, ili zisichanganyike na za kazi inayofuata. Siku niliyostaafu nilifuta zangu zote isipokuwa t. Nilimwambia Ezekieli, ambaye sasa ndiye mkubwa pale, asiiguse. Akasema, "Ego, Mama Asha," na kwa mtu wa usafi kama yeye hilo si jambo dogo. Mpaka leo, kwenye mashine ile kuukuu, ukifungua kitabu cha Mwalimu na kubonyeza ritifaa, kisha t, unafika Kabonga.